Kwa mtoto wa Mvumi, mia ndiyo moja

Shuleni, hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza huanza na moja. Nje ya geti la shule hakuna kinachouzwa kwa moja. Si pipi, si andazi, si barafu ya ubuyu. Sarafu ndogo kuliko zote anayoweza kukabidhiwa ni ya hamsini, na hiyo nayo siku hizi ni ya kubahatisha. Ya uhakika ni mia. Ndiyo maana mtoto wa miaka sita pale Mvumi anaishi na hesabu mbili zisizosalimiana. Ya ubaoni inatambaa kutoka moja hadi kumi, kisha ishirini, kisha tisini na tisa, kwa utaratibu wa silabasi. Ya dukani haikumsubiri. Siku ya kwanza alipotumwa chumvi, ilimtaka aijue mia tano na arudi na chenji kamili.

Wengi wetu tunaona hesabu ya kweli ni ile ya ubaoni, na hii nyingine ni ujanja tu wa mtaani. Mimi naona tumeligeuza jambo juu chini. Sarafu ni njia fupi ya kumfikisha mtoto kwenye hesabu ya ubaoni, na shule inayoziacha getini inajinyima kifaa ambacho kila mwanafunzi wake amekwisha kukishika. Ila njia hiyo haijitembezi yenyewe. Inahitaji mtu mzima.

Naitaja Mvumi kwa sababu huko jambo hili linaonekana waziwazi. Iko Wilaya ya Chamwino, kusini-mashariki mwa Jiji la Dodoma. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walianza kazi hapo mwaka 1900, na hospitali na shule zilizotokana na misheni hiyo zimefanya pawe na watu wa mshahara katikati ya wakulima wa uwele, mtama, karanga na alizeti. Kwa wakulima hao pesa huja kwa msimu. Baada ya mavuno karanga zinauzwa kwa debe na noti zinaonekana. Ikifika Januari, shamba linapaliliwa na ghala linachunguliwa, pesa ya nyumba nyingi ni sarafu, na kila kitu kinanunuliwa kidogo kidogo: mafuta ya kupima, majani ya chai ya siku moja, fungu moja la nyanya. Ununuzi huo wa kidogo kidogo ndio kazi ya watoto. Mama yuko shambani au jikoni. Anayekimbia dukani ni wa darasa la pili.

Tazama sasa sarafu alizokunjia kiganja: mia, mia mbili, mia tano. Zifute sifuri mbili, utabaki na moja, mbili na tano. Mtoto anayesema mia mbili na mia tatu ni mia tano amejumlisha mbili na tatu akapata tano, hesabu ile ile ambayo mwalimu wake anaiona ndiyo saizi ya umri wake. Kwake mia si namba kubwa inayotisha. Ni kitu kinachoshikika na kuhesabika. Mia ndiyo moja yake.

Hapo ndipo tunapojikwaa. Tunaamini mtoto asiguse mamia kabla hajamaliza makumi, kwa hiyo somo la pesa linasogezwa mbele, na linapofika limeshapoa. Tena kwa miaka mingi vitabu vyetu vya hisabati vilifundisha fedha kwa shilingi na senti. Mtoto alibadili senti kuwa shilingi, akaandika nukta na sifuri zake, akapata vema, ilhali senti hakuwahi kuitia mfukoni. Zile sarafu zenye samaki, mbuni na sungura, zilizotolewa na Benki Kuu mwaka 1966, zilikuwa zimekwisha kuwa vitu vya kuchezea bao. Shule ilikuwa inamfundisha pesa ya babu yake.

Na babu naye alifundishwa na soko, si shule. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia moja ilikuwa na pesa 64. Mwaka 1904 wakaigeuza iwe na heller 100. Waingereza wakaja na shilingi ya senti 100 na sarafu zenye tundu katikati, ambazo mtu aliweza kuzitunga kwenye kamba. Mwaka 1966 tukapata shilingi yetu wenyewe. Kila mara watu wazima walilazimika kujifunza upya, wakiwa wamesimama mbele ya mfanyabiashara aliyezijua sarafu hizo kuliko wao. Gharama ya somo la namna hiyo hulipwa kwa kupunjwa.

Turudi kwa mtoto. Ikiwa mia ni moja, mwalimu anaweza kuanza siku ya kwanza na sarafu mezani: mia moja, mia mbili, mia tatu. Aandike ubaoni “mia 2 na mia 3 ni mia 5”, na darasa zima litamwelewa. Wiki zinavyokwenda, aandike 200 na 300, aonyeshe kwamba sifuri zile mbili ndizo lile neno mia. Hamsini iingie baadaye, na iingie kwa heshima, kwa sababu ndiyo inayomkutanisha mtoto na nusu. Mtoto aliyewahi kununua vitumbua viwili vya mia na hamsini anajua kwamba amelipa mia tatu, miaka kadhaa kabla hajafundishwa kujumlisha sehemu.

Lakini sarafu si kihesabio kama vingine. Darasa la awali lina vijiti, mawe na vizibo vya soda, na kila kizibo ni kimoja. Ukivihesabu vikafika ishirini, ni ishirini. Sarafu zinakataa sheria hiyo. Mwekee mtoto wa miaka minne sarafu tano za mia upande huu na nne za mia mbili upande ule, atachagua upande wenye vipande vingi. Mwekee tano za mia na moja ya mia tano, atachukua tano na kuondoka akiamini amekushinda. Ametumia sheria ya vizibo kwa uaminifu kabisa. Anachohitaji ni kuvuka, kutoka kuhesabu vipande hadi kuhesabu thamani. Akivuka hapo, amefungua mlango wa makumi na mamia, kwa sababu hata ubaoni ile 1 iliyo kwenye 10 ni tarakimu moja inayosimama badala ya kumi.

Kwa Wagogo, wenyeji wa Mvumi, mlango huo una ufunguo wa kienyeji. Mali yao ya tangu zamani ni mifugo, na mahari imekuwa ikitajwa kwa ng'ombe na mbuzi. Mtoto wa mfugaji hawezi kudhani kwamba mbuzi watano ni mali kubwa kuliko ng'ombe mmoja eti kwa sababu ni wengi. Maarifa hayo hayakufutika hata mwaka 1986, pale mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, ulipoondoa mifugo tarafa ya Mvumi ili ardhi iliyoliwa na makorongo ipumue. Mwalimu anayetaka kueleza kwa nini kipande kimoja kinaweza kuzidi vitano aanzie zizini, ndipo aje kwenye sarafu.

Sarafu zenyewe nazo zimejaa wanyama. Hamsini ina kifaru na mtoto wake, mia ina swala wanaokimbia, mia mbili ina simba, na mia tano, iliyoingia kwenye mzunguko mwaka 2014, ina nyati. Tangu noti ya mia tano iondolewe mwanzoni mwa 2025, jero sasa ni nyati tu. Mtoto anaweza kuambiwa kwamba sarafu moja ya nyati inabadilishwa kwa tano za swala, au kwa mbili za simba na moja ya swala, akalishika hilo kabla hajajua kusoma.

Ila kuna mtego. Simba yuko pia kwenye noti ya elfu mbili, na kifaru yuko kwenye noti ya elfu tano. Mtoto aliyefundishwa kwamba kifaru ni hamsini, siku akitumwa na kifaru wa karatasi ataleta kilio nyumbani. Kwa hiyo picha iwe ya kuanzia tu, na mapema iwezekanavyo kidole kihamie kwenye tarakimu. Mwalimu mwerevu ataugeuza mtego huo kuwa somo: elfu mbili ya simba ni mia mbili ya simba mara kumi, na elfu tano ya kifaru ni hamsini ya kifaru mara mia. Mnyama ni yule yule, kilichobadilika ni sifuri. Sijui kielelezo kingine cha kazi ya sifuri kilicho karibu na mtoto kiasi hicho.

Chamwino hiyo hiyo ina shule ya wasioona ya Buigiri, iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Mtoto asiyeona hana pa kukimbilia, si kwenye picha wala kwenye tarakimu. Inambidi aijue sarafu kwa ukubwa, uzito na ukingo wake. Zoezi lake lingefaa kila darasa la awali: sarafu zitiwe mfukoni, mtoto atoe ya mia mbili bila kuangalia. Watoto wenye macho watashangaa jinsi walivyokuwa hawaioni.

Sehemu iliyonona kuliko zote ni chenji. Tuseme mtoto amepewa buku, na vitu alivyotumwa vimefika mia sita na hamsini. Darasani hiyo ni 1,000 kutoa 650, iliyopangwa kwa kusimama. Sifuri kutoa sifuri, sawa. Sifuri kutoa tano haitoki, kakope kwa jirani. Jirani naye ni sifuri, endelea mpaka kwa ile moja ya mwisho, kisha urudi ukigawa mkopo njiani. Kutoa kwa kukopa mbele ya sifuri nyingi kumewaliza wanafunzi wengi. Mwenye duka hapiti huko. Anaweka hamsini kwenye meza, anasema mia saba. Anaweka mia, mia nane. Mia tena, mia tisa. Mia ya mwisho, buku. Hakukopa kwa mtu. Amepanda kutoka bei hadi pesa aliyopewa, na kile alichoweka mezani ndicho jibu.

Kuna walimu wanaoiona njia hiyo kama ya wasiosoma. Ni hesabu halali kabisa. Kutoa ni kutafuta pengo kati ya namba mbili, na pengo linapimika kwa kupanda sawasawa na kwa kushuka. Mtoto anayeanza kwa kupanda hushika maana ya pengo kwanza. Utaratibu wa kukopa unapokuja anajua unatafuta nini, na akikosea anaweza kujihakiki mwenyewe.

Mwaka 1985 watafiti watatu huko Recife, Brazil, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha walichokikuta kwa watoto watano wachuuzi wenye umri wa miaka 9 hadi 15. Waliwaendea kama wateja, wakauliza bei na chenji, na majibu yakawa sahihi kwa asilimia 98. Walipowapa hesabu za aina hiyo hiyo katika maswali ya maneno, usahihi ulikuwa asilimia 74. Walipowapa namba tupu kama za daftari la shule, ukashuka hadi 37. Mmoja wao, mwenye miaka 12, aliulizwa nazi kumi za cruzeiro 35 kila moja ni kiasi gani. Shule ingemwambia aongeze sifuri. Yeye alikwenda kwa mafungu ya nazi tatu: 105, 210, 315, akaongeza nazi moja, akafika 350.

Hadithi hiyo huwapendeza wanaoibeza shule. Lakini Februari 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao kuhusu watoto wa Kolkata na Delhi, India, na huo unauma pande zote mbili. Watoto wa sokoni walibabaika na hesabu za kitabu. Watoto wa shule wasiofanya kazi sokoni, waliozimudu za kitabu vizuri zaidi, nao walibabaika walipopewa za sokoni. Ujuzi mmoja hauendi wenyewe kwa mwenzake.

Hapa kwetu, katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, takribani mtahiniwa mmoja tu kati ya watano ndiye aliyefaulu Hisabati. Sidai kwamba sarafu za darasa la kwanza zingewaokoa waliobaki. Ninachosema ni kwamba wengi wao tangu utotoni walikuwa wakienda dukani na kurudi na chenji isiyopungua hata hamsini, na pengine hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba walichokuwa wakikifanya ndiyo ile hesabu wanayoiogopa. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba la shule na matunda yake. Waliopita shuleni miaka iliyofuata wanalikumbuka jembe kuliko daftari la mapato. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumewapa watoto kazi na pesa, daftari tukabaki nalo ofisini.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza ni ya wazazi: mtoto akizoeshwa pesa ataharibika. Kumfundisha kuhesabu pesa si kumpa pesa. Anayeharibikiwa ni yule asiyejua kuhesabu, kwa sababu chenji ikipungua yeye ndiye mshukiwa wa kwanza. Ni watoto wangapi wamechapwa kwa mia mbili waliyopunjwa dukani, wakashindwa kujitetea kwa kuwa hawakuweza kueleza mahesabu?

Ya pili ni nzito zaidi. Kuna atakayesoma maneno haya akaona amepata ruhusa ya kumbebesha mtoto sinia la karanga. Hajapata. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kinyonyaji, na watoto wa Recife na Kolkata waliilipia hesabu yao kwa jasho ambalo hakuna mtoto anayepaswa kulimwaga. Kutumwa chumvi na kurudi ni malezi. Kushinda stendi na sinia kichwani wakati wenzako wako darasani ni utumikishwaji, hata kama jioni unajua kugawanya faida.

Wenye maduka nao wana hesabu ya kutoa. “Sina hamsini, chukua pipi.” Mtu mzima anaweza kubisha, mtoto hawezi, na pipi anaitaka. Siku hiyo anajifunza kwamba hamsini haina maana, kwamba upungufu wa chenji ni shida ya mnunuzi, na kwamba nyumbani atatakiwa kueleza jambo ambalo hakulitenda. Hamsini ya mteja irudi ikiwa hamsini. Kama haipo, iandikwe kwenye daftari la duka, mtoto akiona ikiandikwa.

Haraka inahitajika pia kwa sababu pesa inatoweka machoni. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na leo bibi aliye Mvumi hutumiwa matumizi na mwanawe aliye mjini kwa simu. Mjukuu anaona ujumbe umeingia, anaona namba za siri zikibonyezwa, anasikia makato yametajwa. Pesa yenyewe haioni mpaka ifike kwa wakala. Mtoto ambaye hakuwahi kupanga sarafu kumi za mia zikawa elfu moja atawezaje kutambua kwamba salio limeliwa?

Dawa si ya gharama. Darasani lifunguliwe duka la kuigiza: paketi tupu za majani ya chai, maganda ya kiberiti, karatasi za sabuni, kila kimoja na bei yake. Sarafu halisi iwekwe chini ya karatasi, mtoto asugue kwa penseli mpaka mnyama na tarakimu vitokeze, kisha aikate na kuigandisha kwenye boksi. Amepata sarafu yake ya darasani, na kwa kuisugua ameisoma. Watoto wapokezane uuzaji na ununuzi, na kila biashara iandikwe mstari mmoja kwenye daftari: bei, pesa iliyotolewa, chenji. Mstari huo ndio unaokosekana Recife, Kolkata na Mvumi. Benki Kuu, yenye ofisi Dodoma, ingeweza kuzipatia shule za msingi sarafu za mfano zilizochapwa vizuri, na ingekuwa elimu ya fedha yenye manufaa kuliko mabango.

Nyumbani, kibubu kisisubiri kuvunjwa mwisho wa mwaka. Kiwe cha kufunguka, mtoto apange mafungu ya buku: sarafu kumi za swala, au tano za simba, au mbili za nyati. Na kabla ya kumtuma dukani, mzazi amuulize: “Utarudi na shilingi ngapi?” Aulizwe kabla ya kutoka, akiwa ametulia, si baada ya kurudi mbele ya macho yaliyokunjamana. Swali la kabla ni somo. La baada ni kesi.

Mwisho ni upimaji. Mtoto wa darasa la pili apimwe mara mbili: mara moja kwa mdomo, sarafu zikiwa mezani, na mara moja kwa kalamu, namba zikiwa tupu. Anayeweza zote mbili amejua kuhesabu. Anayeweza moja tu hajashindwa yeye. Ametuonyesha nani kati ya mzazi na mwalimu bado anadaiwa.